Tathmini ya AMC Theatres: tiketi, bisi na deni

AMC Theatres ya Marekani ndiyo kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya majumba ya sinema, na wengi wanaoitathmini huishia kwenye ulaini wa viti, ukubwa wa skrini na bei ya tiketi. Nimeona ni heri kuanzia upande wa pili wa kaunta, yaani kwenye hesabu ambazo kampuni huzichapisha kila mwaka kwa kuwa hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la New York. Karibu kila jambo linalomfurahisha au kumkera mteja ndani ya majumba yake limetokana na mahali fedha zinakoingilia na mahali zinakovuja. Kwa maoni yangu, huduma ya AMC ni nzuri kuliko hali ya kampuni yenyewe: kazi ya kuonyesha filamu na kuuza vitafunio inaifanya kwa ustadi, lakini kinachobaki baada ya kazi hiyo huwaendea wakopeshaji, na bei anazokutana nazo mteja hazieleweki vizuri mpaka wakopeshaji hao wakumbukwe.

Kampuni ilianzia Kansas City mwaka 1920, na wazo lililoikuza lilikuwa la kihasibu zaidi kuliko la kisanaa. Mwaka 1963 Stanley Durwood, aliyekuwa akiiongoza, alifungua Parkway Twin, jumba lenye skrini mbili chini ya paa moja, zikihudumiwa na lango moja, kaunta moja ya vitafunio na wafanyakazi wale wale. Gharama ziligawanyika, na filamu moja isiyopendwa haikuweza tena kuliacha jengo zima likiwa tupu. Mwaka 1995 wazo hilo lilifikishwa mbali zaidi kwa Grand 24 ya Dallas, jumba lenye skrini 24. Ukiona leo foleni moja ya bisi inayohudumia kumbi zaidi ya kumi, unaangalia uamuzi huo wa zamani ukiendelea kufanya kazi.

Ili kuielewa biashara hii ilivyo katika hali yake ya kawaida, mwaka unaofaa zaidi ni 2019, wa mwisho kabla ya janga la UVIKO-19. Mwaka huo AMC, pamoja na majumba yake ya Ulaya, ilipokea wateja wapatao milioni 356 na kupata mapato ya jumla ya dola bilioni 5.47. Tiketi zilileta dola bilioni 3.30, vyakula na vinywaji dola bilioni 1.72, na vyanzo vingine dola milioni 450. Ukigawanya kwa idadi ya wateja, kila aliyeingia aliacha wastani wa dola 9.26 dirishani, dola 4.82 kwenye kaunta, na dola 1.26 kwa njia nyingine ambazo huenda hata hakuziona.

Anayeishia hapo atasema kuwa AMC huuza filamu na bisi ni nyongeza. Hesabu za upande wa gharama zinasema vingine. Mwaka huo kampuni iliwalipa wasambazaji wa filamu, hasa studio kubwa, dola bilioni 1.70, sawa na asilimia 51.5 ya mapato yote ya tiketi, maana yake katika kila dola 9.26 zilizolipwa dirishani, dola 4.77 ziliondoka hata kabla ya taa kuwashwa. Vyakula na vinywaji, kwa upande mwingine, viligharimu dola milioni 279 tu kununuliwa, yaani asilimia 16 ya bei iliyouziwa. Kwa hiyo tiketi, baada ya studio kuchukua chao, ilibakiza takriban dola 4.49 kwa kila mteja, na kaunta ikabakiza dola 4.04. Bidhaa yenye bei ya karibu mara mbili ilibakiza karibu sawa na bidhaa ambayo mteja angeweza kabisa kuiacha.

Mgawanyo huu wa nusu kwa nusu una historia yake. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya Paramount na studio nyingine kubwa, na studio hizo zikalazimika kujitenga na majumba ya sinema zilizokuwa zikiyamiliki. Tangu wakati huo mwenye filamu na mwenye ukumbi wamekuwa watu wawili wanaovutana juu ya tiketi ile ile, na mwenye filamu inayosubiriwa na dunia nzima ndiye mwenye sauti. Amri zilizotokana na kesi hiyo zilifutwa mwaka 2020, lakini utaratibu wa kugawana umebaki. Ndiyo sababu punguzo la tiketi ni jambo zito kuliko linavyoonekana: kampuni inaposhusha bei, inashusha pia fungu la studio, nayo studio haina hisa yoyote katika soda itakayouzwa kwa mteja aliyevutwa na punguzo hilo. Mwenye ukumbi angependa kumbi zijae kwa bei yoyote ile, kwani kila anayeingia ni mnunuzi mtarajiwa wa bisi ambazo hazigawanywi na mtu, lakini msambazaji hapendi kuona filamu yake ikitumiwa kama chambo. Kwa mtazamo huo, uamuzi wa AMC, ulioanza kutumika Julai 2025, wa kuwapa wanachama wake punguzo la nusu ya bei siku za Jumanne na Jumatano unastahili sifa. Siku hizo kumbi hukaa tupu, kodi ya pango inalipwa vile vile, na mteja anayejipangia ratiba yake anapata huduma ile ile kwa nusu ya gharama.

Kaunta yenyewe naitathmini kwa mizani miwili. Kwa mizani ya bei, malalamiko ya umma ni ya haki: bidhaa iliyonunuliwa kwa senti 16 na kuuzwa kwa dola moja ni bidhaa ghali, na hakuna maelezo yatakayoifanya iwe rahisi. Ni kweli kwamba hizo senti 16 hazijahesabu mishahara, umeme wala usafi, ambavyo huandikwa kwenye fungu jingine la gharama, lakini hata ukivijumlisha pengo linabaki kubwa. Kwa mizani ya pili, ya ukweli wa biashara, bei hiyo ndiyo inayolipia kiti. AMC ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kung'oa viti vya kawaida na kuweka vya kulaza mgongo, hatua iliyoondoa zaidi ya nusu ya nafasi katika ukumbi. Kwa mtazamaji hilo ni badiliko kubwa kuliko skrini yoyote mpya, na kwa mhasibu maana yake ni watu wachache wanaokaa muda ule ule, ambao kila mmoja lazima aache zaidi. Aliyeketi kwa raha kwenye kiti hicho huku akinung'unikia bei ya bisi anazungumzia bili moja iliyoandikwa katika karatasi mbili.

Hapo ndipo menyu ilipopanuka: baa za vileo, vyakula vya moto, kumbi zenye huduma ya mezani, na siku hizi ndoo za bisi za ukumbusho zenye sura za wahusika wa filamu, ambazo wakusanyaji huzinunua bila hata kuwa na njaa. Mwaka 2023 wateja walikuwa wapatao milioni 240 tu, theluthi moja pungufu ya wale wa 2019, ilhali mapato ya vyakula na vinywaji yalifikia dola bilioni 1.67, kiasi kilichokaribia kile cha zamani. Kila mteja sasa alikuwa akiacha karibu dola 7 kwenye kaunta. Sehemu ya ongezeko hilo ni mfumuko wa bei, lakini sehemu nyingine ni ustadi halisi wa kuuza, na sioni kampuni nyingi za huduma zilizoweza kupoteza theluthi ya wateja na bado zikalinda idara yake yenye faida kubwa kwa kiwango hicho.

Fungu la mapato mengine linapita kimya, nalo si dogo. Lina matangazo yanayoonyeshwa kabla ya filamu, ada ya kununua tiketi mtandaoni, ada za baadhi ya ngazi za uanachama, ukodishaji wa kumbi, na thamani ya kadi za zawadi ambazo wenyewe hawakuzitumia. Hiki cha mwisho ni mapato safi yatokanayo na kusahau. Ada ya mtandaoni ndiyo ninayoiona dhaifu zaidi kiutetezi, kwa kuwa mteja anayejihudumia kwa simu yake ameipunguzia kampuni kazi, si kuiongezea. Wanachama wa ngazi za kulipia husamehewa ada hiyo, jambo linaloonyesha kwamba kazi yake nyingine ni kumsukuma mteja kuelekea uanachama.

Uanachama wenyewe, hasa AMC Stubs A-List, ndio bidhaa bora ambayo kampuni hii imeitoa katika miaka ya karibuni. Ulizinduliwa Juni 2018 kwa dola 19.95 kwa mwezi, mwanachama akiruhusiwa filamu tatu kwa wiki, zikiwemo za IMAX na Dolby Cinema, kumbi zenye picha na sauti za kiwango cha juu ambazo kwa tiketi ya kawaida hutozwa zaidi. Ulizaliwa kwenye kivuli cha MoviePass, kampuni isiyomiliki ukumbi wowote iliyoahidi mwaka 2017 filamu moja kila siku kwa dola 9.95 kwa mwezi huku ikiyalipa majumba bei kamili ya kila tiketi, na ambayo ilifunga huduma hiyo Septemba 2019. Tofauti kati ya huduma hizo mbili imo katika ile ile jedwali ya mapato. MoviePass haikuwa na kaunta. AMC nayo hulazimika kuwalipa wasambazaji kwa kiti anachokalia mwanachama, lakini mwanachama huyo anapokuja mara nne badala ya mbili, ana nafasi nne za kununua bisi, mara nyingi anafuatana na mwenzake anayelipa tiketi kamili, na anakuja hata kwa filamu ya wastani ambayo asingeitolea fedha mfukoni. Bei imepanda tangu uzinduzi na hutofautiana baina ya majimbo, lakini kwa mtu anayekwenda zaidi ya mara mbili kwa mwezi bado hesabu iko upande wake. Ni nadra kwa kampuni na mteja kufaidi kwa pamoja kutoka kwenye mkataba mmoja bila mmoja wao kuwa amepigwa chenga.

Sitasema hivyo kuhusu Sightline. Februari 2023 kampuni ilitangaza kwamba bei ya kiti itategemea mahali kilipo: viti vya mbele kabisa bei nafuu, vya katikati bei ya juu kidogo. Wazo si geni, viwanja vya michezo na kumbi za muziki huliishi kila siku. Lakini mtazamaji wa sinema amezoea kwamba anayewahi ndiye anayechagua, na kampuni shindani hazikufuata, hivyo AMC ikabaki peke yake ikitoza kwa kitu ambacho jirani anakitoa bure. Kufikia Julai mwaka huo mpango ulikuwa umeachwa, nami naona uliachwa kwa wakati unaofaa.

Sasa nirudi kwenye hesabu, kwani hapa ndipo tathmini yangu inapogeuka. Baada ya kuwalipa studio na wauzaji wa vyakula, kampuni ilibakiwa mwaka 2019 na takriban dola bilioni 3.49. Gharama za kuendesha majumba, yaani mishahara, umeme, usafi na matengenezo, zilikula dola bilioni 1.69. Kodi ya pango ilikula dola milioni 968, kwa maana AMC haimiliki sehemu kubwa ya majengo yake, na mwenye jengo hadai kulingana na idadi ya waliokuja. Makao makuu na utawala yalichukua takriban dola milioni 169, uchakavu wa mali dola milioni 450, na kushuka kwa thamani ya baadhi ya majumba dola milioni 84. Kilichobaki, ambacho ndicho faida ya uendeshaji, kilikuwa dola milioni 136. Kwa kila mteja aliyeacha dola 15.35, kampuni ilibakiza senti 38.

Senti 38 ni kidogo, lakini ni faida. Kazi ya msingi ilijilipa, ikiwa ni pamoja na fungu la uchakavu ambalo halitoki kama fedha taslimu mwaka huo huo. Kisha zikaja gharama za riba za aina zote, karibu dola milioni 341, sawa na senti 96 kwa kila mteja. Riba peke yake ilizidi faida ya uendeshaji mara mbili na nusu, na mwaka ukafungwa kwa hasara ya dola milioni 149, katika mwaka ambao kumbi zilikuwa zimejaa na hakuna janga lolote lililokuwa limetokea. Ninalisisitiza hilo kwa sababu imekuwa desturi kuhusisha matatizo ya AMC na UVIKO-19. Janga lilimkuta mgonjwa tayari amelazwa.

Deni lenyewe lilikusanywa kwa miaka michache. Dalian Wanda ya China iliinunua AMC mwaka 2012 kwa dola bilioni 2.6, ikaipeleka sokoni Desemba 2013, na baada ya hapo kampuni ikaingia kwenye ununuzi wa kasi: Odeon na UCI ya Ulaya mwaka 2016, Carmike ya Marekani mwishoni mwa mwaka huo huo, na Nordic Cinema Group mwaka 2017. Ukubwa ulipatikana, pamoja na mikopo iliyokaribia dola bilioni 4.7. Nadharia ilikuwa kwamba kampuni kubwa hununua soda kwa bei nafuu zaidi na husikilizwa zaidi na studio. Lakini ukubwa hauondoi ile asilimia 51.5, wala haumfanyi mwenye jengo kupunguza pango, hivyo akiba iliyotarajiwa haikutosha kulipia gharama ya kuitafuta.

Mwaka 2020 mapato yalianguka hadi dola bilioni 1.24 na hasara ikafikia dola bilioni 4.59. Kilichoiokoa kampuni mwaka uliofuata hakikuwa filamu. Wawekezaji wadogo walioratibiana mitandaoni walipandisha bei ya hisa mpaka ikaachana kabisa na hali ya biashara, na uongozi chini ya Adam Aron ukauza hisa mpya kwa bei hizo. Uamuzi huo naukubali, kwani chombo kinachozama hakichagui kamba, na hata zawadi ya bisi za bure kwa wanahisa, iliyotangazwa Juni 2021, ilikuwa ya busara: tumeshaona gharama halisi ya bisi. Nisichokielewa mpaka leo ni ununuzi wa Machi 2022, ambapo kampuni ya sinema ilitoa dola milioni 27.9 kwa ajili ya takriban asilimia 22 ya Hycroft, kampuni yenye mgodi wa dhahabu na fedha huko Nevada. Kiasi hicho kingetosha kukarabati kumbi kadhaa.

Jaribio lenye maana zaidi lilikuja Oktoba 2023, AMC ilipokuwa msambazaji wa filamu ya tamasha la Taylor Swift, ikiipeleka sokoni bila kupitia studio yoyote, hata katika majumba ya washindani wake. Tiketi ya mtu mzima ilianzia dola 19.89, juu sana ya wastani wa kawaida, na watu walijaa. Hapo kampuni ilisimama kwa muda upande ule wa meza anakokaa mwenye filamu. Lakini msanii wa aina hiyo hapatikani kila robo mwaka, na studio ndizo bado zinazojaza kalenda. Mwaka huo ulifungwa kwa mapato ya dola bilioni 4.81 na hasara ya dola milioni 397. Uliofuata, hasara ilikuwa dola milioni 353.

Ulinganisho unaosaidia zaidi ni ule wa Cinemark, kampuni ya Texas inayofanya kazi ile ile, ikigawana na studio zile zile. Mwaka 2019, kwa mapato ya dola bilioni 3.28, ambayo asilimia 35 yalitoka kwenye vyakula na vinywaji, Cinemark ilipata faida halisi ya takriban dola milioni 191. Haikuwa na viti vya ajabu wala bisi tamu kuliko za AMC. Ilikuwa na deni dogo. Uanachama wake wa Movie Club, uliozinduliwa mwishoni mwa 2017 kwa dola 8.99 kwa mwezi, hutoa tiketi moja inayoweza kuwekwa akiba mwezi usipotumika na punguzo la asilimia 20 kwenye kaunta, na kwa mtu anayekwenda sinema mara moja moja ninaupendekeza huo kuliko A-List, iwapo majumba ya kampuni zote mbili yako karibu naye.

Kwa anayekwenda mara nyingi, AMC inabaki chaguo langu la kwanza, hasa palipo na ukumbi wa Dolby Cinema, ambao kwa sauti na kina cha weusi wa picha sijaona wa kuushinda. Ajiunge na A-List na aache kununua tiketi za moja moja. Mwanachama asiye wa kulipia achague Jumanne au Jumatano. Kwenye kaunta, bisi za ukubwa wa juu kabisa ndizo zenye unafuu kwa kipimo, kwa kuwa wanachama hujaziwa tena bila malipo, ilhali soda sioni sababu ya kuinunua kwa ukubwa wowote.

Kuhusu kadi za zawadi nina tahadhari moja. Julai 2024 kampuni iliafikiana na wakopeshaji kusogeza mbele sehemu kubwa ya madeni yaliyokuwa yakomae mwaka 2026, mengi yakapelekwa 2029 na 2030, hivyo hatari ya karibu imepungua. Hata hivyo, chini ya sheria ya ufilisi ya Marekani mwenye kadi ya zawadi kwa kawaida huhesabiwa kuwa mdai asiye na dhamana, nyuma ya wakopeshaji wakubwa. Kadi ndogo ya kutumika ndani ya msimu mmoja haina tatizo. Kadi kubwa ya kuwekwa kabatini ni kuikopesha AMC bila riba, na tayari ina wakopeshaji wa kutosha wanaolipwa vizuri kuliko wewe.